Nyumba Isiyosonga Ugali

Homa Bay,
Jumapili, baada ya mvua.

Mdogo wangu Suhail,

Salaam aleikum. Naanza na salamu ya kwenu kwa sababu nikianza na ya kwetu utadhani barua ilikuwa ya mchungaji ikakufikia wewe kwa makosa. Hujambo huko juu ya maji? Lile jino lililokuwa likikusumbua limeng'olewa, au bado unalibembeleza kwa karafuu? Na mpishi wa meli, ameshajifunza kutia chumvi? Mimi ni mzima. Mafua yalinishika juzijuzi yakaniachia, na mvua za hapa zinanyesha bila mpango, asubuhi jua kali, mchana barabara imekuwa mto. Ninakaa palepale, chumba kimoja juu ya duka la nyavu, na jirani yangu ni yuleyule wa redio. Siku hizi hata simgombezi. Akiizima naona kimya kimezidi.

Mama yako, Mama Faduma, nilimpitia dukani kwake Migori mwezi uliopita. Ni mzima, magoti tu ndiyo yanayomsumbua. Alinikalisha, akanipa chai na tende, kisha akanilalamikia kwamba ana mtoto anayejua habari za bahari yote lakini hajui kumpigia mama yake simu. Nilikutetea, nikasema mtandao wa melini ni wa kuombea dua. Akaniongezea chai tu. Kwa hiyo mkifika bandarini umpigie yeye kwanza, tafadhali, usiniaibishe.

Barua hii nimeifungia ndani ya sanduku la chupa tupu ambazo maabara yetu inawarudishia Mombasa, chini kabisa, karibu na chupa yenye shingo iliyovunjika kidogo, ile uliyoniambia nisiitupe. Najua sanduku hilo hufunguliwa na wewe. Ningeweza kukuandikia kwa simu, lakini maneno ya simu husomwa na kila anayesimama nyuma yako, na haya ni ya kusoma ukiwa umekaa peke yako.

Uliniuliza jambo moja tu katika ujumbe wako, kwamba kabla meli haijarudi kusini ungependa kujua kama tumemzika Dishon. Nimekawia kukujibu, nisamehe. Jibu ni ndiyo, tumemzika. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekupa nusu, na wewe uliyesimama naye sitahani siku ile hustahili kupewa nusu.

Kwanza nikutoe wasiwasi. Unaandika kila mara kwamba kamba ilikuwa mkononi mwako. Nahodha alitueleza, na wewe mwenyewe ulitueleza pale nyumbani Kisegi ukiwa umepiga magoti mbele ya Mama, kwamba mlikuwa mkiushusha ule mtego wa chembechembe, meli ikalala upande, na ndugu yangu akaenda pamoja na wimbi. Mlimtafuta mpaka mafuta ya meli yakabaki ya kurudi tu. Hakuna mtu katika nyumba yetu anayekudai neno lolote. Mama alisema siku ile kwamba ulikuja na miguu yako mwenyewe kumpa habari mbaya, na mwenye hatia haji. Hilo liweke mahali ulale nalo.

Sasa sikiliza yaliyotokea baada ya wewe kuondoka.

Unakumbuka Dishon alivyopenda kueleza kazi yake, hata kwa mtu asiyeuliza. Likizo yake ya mwisho alikuja Kisegi na mke wake Liz, wakiwa bado wana harufu ya arusi, nami nikapata ruhusa nikaenda. Asubuhi Mama alikuwa jikoni anakoroga uji wa wimbi. Dishon akamnyang'anya mwiko, akauzungusha ule uji kwa nguvu, akatupia makapi juu yake. Akatuambia tutazame. Makapi yakazunguka, yakasogea katikati, yakakusanyika, mengine yakaanza kuzama. Akasema ndivyo lilivyo duara la maji wanalolifuata huko kusini ya Madagaska. Maji ya moto hukatika kutoka kwenye mkondo wao, yakajifungia, yakaanza kujizungusha, kisha yakaondoka hivyohivyo kwenda kutangatanga katika bahari ya baridi, yamebeba joto la kwao na vijidudu vya kwao.

Mama aliuliza kama maji hayo ya moto yana samaki wengi. Dishon akacheka, akasema watu wengi hudhani hivyo. Katikati ya duara, juu, maji ni ya buluu safi kwa sababu ni maskini. Virutubisho vimesukumwa chini sana, jua lisikofika, na vijimea vya juu vinagombania kidogo kilichobaki. Kinachokufa hakitoki. Kinazunguka na maji, kinashikana na chembe nyingine, na kikishapata uzito kinashuka polepole gizani. Kazi yao ni kutega vikopo chini na kuona kinachoshuka. Mama akauliza duara lenyewe huzunguka muda gani kabla ya kuchoka. Akajibiwa kwamba mwaka, wakati mwingine zaidi ya mwaka, na kwamba kuna moja lililozunguka mpaka waliokuwa wakilipima wakahamia kazi nyingine. Mama akacheka, akasema hizo ni kazi za watu walioshiba, arudishe mwiko, uji unaungua.

Tulicheka sote. Nimeurudia uji ule kichwani mwangu mara nyingi mno.

Mlipotuletea habari, matanga yalikaa bila maiti, na wewe unajua kwetu mtu asiyerudishwa nyumbani akazikwa hawezi kutulia, wala waliobaki hawatulii. Baba Mdogo Obonyo, ambaye ndiye mkubwa wa boma tangu baba yetu afariki, aliita kikao akasema mila ina njia yake. Aliyepotelea majini huzikiwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kama gunzi la jitu. Hukatwa, likavikwa nguo za marehemu, likalazwa kaburini kwa jina lake, na watu wakalia wakamaliza. Hata mchungaji, ambaye hapendi mambo hayo, alisema yeye atasali na familia, na familia ikishazika itakavyozika hataangalia.

Mama akakataa. Alisema yeye alizaa mtoto, hakuzaa tunda, na mtoto huyo alikuwa na kovu la jembe kwenye mguu, na hakuna tunda atakalolitazama akaona kovu lile. Wakambembeleza. Ndipo akatoa neno ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisema hata angekubali tunda, mtu hazikwi akiwa bado anakwenda. Alisikia kwa kinywa cha mwanawe mwenyewe kwamba kinachoanguka ndani ya maji yale hakitoki, kinazungushwa mwaka mzima na zaidi. Basi Dishon bado anazungushwa. Maji yakisimama, aambiwe, naye ataruhusu kaburi lichimbwe.

Baba Mdogo alinigeukia mimi, msomi wa maji, niseme kitu. Nilisema mambo mengi ya maana na hayakusaidia chochote. Nilimwambia Mama kwamba yale ni maji tu. Akanijibu kwamba anajua ni maji, ndiyo sababu anaogopa.

Tangu siku ile nyumba yetu haikusonga ugali. Mwanzoni tulidhani ni uchovu wa msiba. Liz ndiye aliyegundua. Alibandika maji, yakachemka, akatia unga, na Mama akaja akamtoa mwiko mkononi bila hasira, akauchomeka juu kwenye paa, akasema ndani ya nyumba yake hakuna kitu kitakachozungushwa mpaka yale maji yasimame. Uji ukakoma. Mboga zilichemshwa zikaachwa zijichemkie zenyewe. Chai alikunywa bila sukari, kwa kuwa sukari inataka kijiko. Tulikula viazi vitamu, mihogo, nyoyo ya mahindi na maharagwe, mahindi ya kuchoma, samaki wa kuchoma, na tena viazi. Nyumba ya Mjaluo, Suhail, ziwa liko pale chini, omena wamejaa, na hakuna ugali! Baba Mdogo, ambaye bila ugali huhesabu kwamba hajala, alianza kupata shughuli nyingi kila ilipofika saa ya chakula. Majirani walisema Mama amerukwa na akili. Mimi nilimwona ana akili kuliko sisi sote, maana alikuwa amechukua maneno ya Dishon kama yalivyosemwa.

Aliyeteseka zaidi ni Liz. Wewe unamjua, binti wa Kegonga, Mkuria asiyejua kulia mbele za watu. Alikuwa si mke si mjane. Hakuna aliyejua ampe pole au ampe moyo. Wazazi wake walituma watu mara mbili kuuliza kwa heshima binti yao anangoja nini, na mara mbili wakarudi na jibu kwamba tunangoja maji. Alikaa katika nyumba ile ya bati aliyojengewa na Dishon, anaifagia, anafua mashati yasiyovaliwa na mtu, anayaanika. Nikienda Kisegi mwisho wa juma nilikuta mashati kwenye kamba. Nilikuwa nageuza uso.

Halafu vikopo vikaja. Mradi wenu uliona kwamba hadubini yetu hapa Homa Bay, iliyonunuliwa kwa ajili ya maji ya ziwa, ni nzuri kuliko iliyoko bandarini, na mkuu wangu, Bwana Onyancha, akakubali kazi kwa mikono miwili. Aliniuliza kama nitaweza. Nilisema nitaweza. Vilikuwa vikopo vya mtego uleule, ule Dishon aliokuwa anaushusha, ambao wewe na wenzako mliupandisha baadaye na ambao uliniandikia kwamba siku hiyo hukutia kitu mdomoni. Kila kimoja kilikuwa kimefunguka na kujifunga kwa zamu yake huko chini. Cha kwanza ndicho kilichopokea kilichoshuka katika siku za mwanzo, baada ya yeye kuanguka.

Hicho nilikiacha kiwe cha mwisho kufunguliwa. Nilipokifungua nilikuta vumbi la rangi ya unga wa wimbi limelala chini ya dawa ya kuhifadhia. Chini ya hadubini lilikuwa vitu vingi na vizuri, makombe madogo kuliko punje ya chumvi, nyuzi zinazong'aa, vinyesi vya uduvi usioonekana kwa macho, vijimea vilivyokufa vikiwa bado na kijani chao. Onyancha alifurahi kama mtoto. Kutoka maji maskini vile hakutarajia mavuno, na kikopo hiki kilikuwa na mengi kuliko vingine vyote. Alisema kinaweza kubadilisha wanavyofikiri watu kuhusu katikati ya duara, kwamba huenda kinachoshuka pale ni kingi kuliko inavyodhaniwa. Alitaka nusu tupime sisi, nusu ipelekwe ng'ambo. Alinipa pole pia, kwa sauti ya chini. Ni mtu mwema.

Nikakaa na kikopo hicho. Mimi ni mtu wa hadubini, Suhail, na najua chembe zile ni za nini na zimetoka wapi. Hakuna hata moja yenye uhusiano na mwanadamu. Lakini nilikuwa nahesabu vijidudu na huku namtafuta. Nilimtafuta kila nilipobadilisha kioo. Sikumwona, na kila jioni nilifunga mlango wa maabara nikiwa na haya, kana kwamba kuna mtu amenikamata.

Wakati huohuo Mama aliletwa hapa mjini hospitalini kwa ajili ya presha. Walipomaliza kumpima akaja kunisubiri maabara, akakaa kwenye kiti changu na viatu vyake amevivua. Macho yake hayakukawia kuona vile vikopo. Akaniuliza kama hivyo ndivyo Dishon alivyosema hutegwa chini. Sikuweza kumdanganya, nikamwonyesha kile cha kwanza, kimefunikwa. Alikishika kwa mikono yote miwili. Akauliza vumbi lile lilitoka juu au chini. Nikamwambia lilishuka kutoka juu, katikati. Akasema kumbe kuna vinavyofika chini. Nikasema vipo. Kisha akaniuliza, bila kuinua kichwa, kama maji yale yamesimama.

Nilimwambia yamesimama.

Akapumua. Sijui nikueleze vipi pumzi ile. Akavaa viatu, akasema basi Obonyo aambiwe akatafute yago.

Tulimzika Kisegi siku yenye upepo. Watu walijaa, na mama yako alituma gunia la mchele pamoja na binamu yako Mulki. Liz ndiye aliyelivika tunda shati, lile la buluu, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, na alipofika cha mwisho akalia kwa mara ya kwanza, kwa sauti, mpaka ng'ombe wa jirani wakageuka. Niliona watu wakitazamana kwa furaha, maana sasa walijua la kumwambia. Mchungaji alisali, kisha akapata simu ya haraka akasogea pembeni mpaka tulipomaliza kufukia. Mchana Mama aliingia jikoni mwenyewe, akapandisha mkono kwenye paa akautoa ule mwiko, akaupangusa masizi, akasonga ugali wa watu wote. Baba Mdogo alikula mpaka akaomba maji ya kunawa kwa ishara. Siku za msiba zilipokwisha nikamsindikiza Liz mpaka kwa wazazi wake Kegonga, akapumzike huko mpaka aamue mwenyewe. Wakati wa kurudi ndipo nilipompitia mama yako.

Hiyo ndiyo habari ambayo kila mtu anaijua. Nyingine anaijua Mungu, na sasa wewe.

Kikopo cha kwanza hakipo maabara. Kimo kaburini. Asubuhi ya mazishi, Liz alipotoka kwenda kuoga, nilibaki peke yangu na lile tunda, na nilijaribu kulilia nikashindwa. Niliona tunda. Niliona hata alama ya panga mahali lilipokatwa. Nikafungua vifungo viwili, nikakiweka kikopo ndani ya shati upande wa kushoto, nikavifunga tena. Hakuna aliyeniomba. Mama hajui. Hata siku nilipokitia katika mkoba wangu hapa Homa Bay, nilijiambia kwamba nakibeba tu. Kwa Onyancha nilisema kilinianguka kikamwagika. Hakunigombeza, alikaa chini, halafu akaniuliza kama vioo vimenikata. Kikopo ni cha plastiki, Suhail. Alikuwa amechanganyikiwa mpaka akasahau.

Najua mlivyohangaika kukipandisha. Najua kwamba kilichokuwamo hakikuwa changu, na kwamba kuna watu watakaosema katikati ya duara hakuna kitu kwa sababu mimi nimekizika kilichowapinga. Ukiamua kuwaambia, waambie, sitakulaumu. Lakini nilitaka kitu kilichokuwa mahali pale pamoja naye kirudi nyumbani. Vumbi tu. Sikuwa na kingine cha kuleta.

La pili ni fupi. Maji hayajasimama. Onyancha hupokea picha za setilaiti za bahari, na kila asubuhi kabla hajafika mimi huwasha kompyuta yake nikalitazama duara. Lilikuwepo siku ile Mama aliponiuliza, na lipo leo. Limesogea magharibi, limepungua joto kidogo, linazunguka. Nilimpa Mama pumzi yake kwa neno la uongo, na niko tayari kulisema tena. Yeye sasa analala, anakoroga uji asubuhi, ananipigia simu kuniambia umeungua. Sina mtu wa kumwambia ninachokiona kwenye ile picha. Nimekuwa mpweke sana, ndugu yangu, na sikujua kwamba upweke unaweza kuwa wa kujua kitu kimoja tu ambacho wengine hawakijui.

Basi mkifika kusini, na nyinyi mtalifikia kwa vyombo vyenu kabla yangu, nakuomba utazame. Siku mtakayopima mkakuta limevunjika, maji ya moto yamechanganyika na ya baridi, hakuna duara tena, usimpigie Mama. Yeye alishaambiwa. Niandikie mimi.

Nisalimie nahodha, na yule mpishi pia, na ukipata nafasi ya kuswali pale mlipokuwa siku ile, umtaje Dishon kwa jina. Mchungaji wangu hatauliza. Mimi nafunga barua niende nikaangalie jiko. Jirani amesonga ugali, harufu imenijia mpaka hapa, na kama kawaida yake atagonga kunikaribisha, nami kama kawaida yangu nitamwambia nimekwishakula. Nimechemsha viazi.

Nakutakia safari ya salama na bahari tulivu.

Ni mimi dada yako,
Edith